Sumaku ya Kreta

Kwa miaka mingi niliamini kwa moyo mweupe kwamba chini ya kreta ya Ngorongoro kuna sumaku. Si sumaku ya kuokotea sindano, la hasha. Sumaku ya ukubwa wa tarafa nzima, mabaki ya ule mlima uliobomoka zamani ukajimeza wenyewe. Walioniambia walikuwa madereva, na madereva wa miaka ile walijua kila kitu duniani isipokuwa saa watakayofika. Walisema saa ya mkononi ikifika ukingoni huanza kubabaika. Walisema ng'ombe wenye kengele hulala wameelekeza shingo kreta, kwa kuwa kengele inavutwa. Nami, nisiachwe nyuma, nikaongeza la kwangu: kwamba nikisimama pale juu huhisi bizimu ya mkanda wangu ikinivuta mbele taratibu, kama mtoto anayemvuta mama yake kwenye duka la peremende. Nililisimulia hilo mara nyingi hadi siku moja nikalihisi kweli.

Ushahidi mkubwa ulikuwa kanda za Boay. Boay alikuwa dereva wa lori lililopandisha unga, maharage na mafuta ya taa kutoka Karatu kwenda kwa watumishi wa hifadhi wanaoishi ukingoni, na alipenda kwaya kuliko alivyopenda breki. Mimi ndiye niliyemfungia spika ndani ya lori, spika niliyoing'oa kwenye redio ya ukumbi wa dansi uliokwisha kufungwa, nzito kama mtoto aliyeanza kukaa. Ilikaa katikati ya viti, na juu yake Boay alipanga kanda zake kama sahani kabatini. Basi kanda hizo zilipanda Ngorongoro zikiimba, zikashuka zikikoroma. Sauti ya kwanza ilififia, ya pili ikafuata, mwisho ukabaki mvumo kama wa nyuki walio mbali.

"Bwana fundi," alinishtakia, "sumaku imekula akina mama wote wa kwaya. Imeniachia wanaume wa besi, na wao wanaumwa."

Nikafungua kanda, nikaikagua kwa miwani, nikatoa hukumu: sumaku ya kreta. Fundi mzima.

Mwaka huu nimekabidhi bisibisi zangu, na ninyi vijana mliobaki karakana mmenitaka niandike nilichokiona. Vyeo sitaviandika, vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara mnaujua, kwa kuwa ndio huo mnaoupokea. Nitaandika nilivyoanza, walionifundisha, na kazi moja ambayo mpaka leo nikiipitia moyoni natamani mtu angenizuia mlangoni.

Nilianza kwenye darasa la jioni, miaka ya sabini, Karatu. Shule ya watoto nilikuwa nimeiacha mapema ili nichunge ng'ombe wa baba, kwa hiyo nilirudi darasani nikiwa na ndevu. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, bibi zangu upande huu na waendesha matrekta ya ngano upande ule, karabai ikining'inia katikati. Mwalimu wetu aliitwa Veronika. Mwembamba, sauti ndogo, lakini akikuita ubaoni ulihisi umeitwa na serikali.

Kitabu tulichosomea kilizungumzia pamba. Pamba! Palizi ya pamba, kuchuma pamba, kupeleka pamba kituoni. Katika darasa lile hakukuwa na mtu aliyewahi kuuona mche wa pamba. Bibi mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, huyu Juma wa kitabuni, ngwara, fiwi zetu hizi, halimi? Maharage je? Anakula nini?" Tulicheka hadi karabai ikayumba. Mwalimu Veronika hakucheka sana. Alisema, "Ipo siku mtasoma habari za watu wanaolima ngwara." Tukadhani ni neno la kutufariji tu.

Jioni moja karabai ikafa. Ngozi ya pampu ilikuwa imekauka. Nilivua kiatu, nikakata ulimi wake, nikaulainisha kwa mafuta ya kupakaa niliyoombwa nisiyamalize na bibi mwenye mali, nikauvalisha kwenye pampu. Karabai ikawaka kwa mwanga ambao, nawaapia, ulionekana hadi Mbulu. Kesho yake Mwalimu alinishika mkono kama mtoto wa chekechea, mimi na ndevu zangu, akanipeleka kwa Mzee Rajabu.

Mzee Rajabu alitoka Tanga zamani, akaoa Karatu, akafungua moyo wa kila mashine ya kuchapia kati ya Mto wa Mbu na Loliondo. Alikuwa mkuu wa karakana yetu. Siku yangu ya kwanza alinipa mashine iliyokwama, kipande cha boksi la sabuni na penseli.

"Nianzie wapi, mzee?"

"Ichore."

"Nikishaichora?"

"Utakuwa umeichora."

Nilichora mpaka saa za kufunga. Kila springi, kila skrubu. Mzee akautazama mchoro wangu, akasema mashine nzuri lakini hii ni mbuzi. Kesho nikachora tena. Kanuni yake ilikuwa moja na alikufa nayo: usiguse kitu kabla hujawa na mfano wake pembeni. "Ukiharibu, una pa kurudi. Usipokuwa na pa kurudi, wewe si fundi, wewe ni mvua ya mawe." Ishikeni hiyo, hata kama mengine yote ninayoandika mtayasahau.

Mashine za Karatu zilikuja na vumbi. Nilifungua moja ya mnunuzi wa ngano, vumbi jekundu lililotoka lingetosha kupandia mahindi, tena na mbolea isingehitajika. Mashine za ukingoni zilikuja na maji. Kule ukungu huingia ndani ya nyumba bila hodi, huketi kwenye kiti, hulala kitandani. Redio za upepo, zile za kuitana, zilipiga chafya. Tulibuni namna yetu: kabla ya kufungua kifaa chochote cha Ngorongoro tulikiweka ndani ya kasha la mbao pamoja na soksi iliyojazwa mchele mkavu, jiko la mkaa likiwa hatua kadhaa pembeni, tukakiacha mpaka mchele unywe maji yote. Soksi zilikuwa za Mzee Rajabu. Mchele tuliupika baadaye. Hatukufa.

Kompyuta nilikutana nayo miaka ya themanini ikiwa imekwisha kupita katikati. Nilipelekwa Arusha kwa mafunzo mafupi, nikarudi nikitembea polepole ili watu wauone ujuzi. Kompyuta, niliwaeleza wenzangu, ni mashine ya kuchapia yenye kumbukumbu. Ndani yake kuna mfumo, yaani yale maagizo ya mwanzo yanayoiamsha asubuhi na kuiambia, wewe ni kompyuta, si pasi. Mfumo ukizeeka, vifaa vipya hauvitambui, kama mzee anayekutana na wajukuu waliozaliwa mjini. Basi unaleta mfumo mpya kwenye diski, unaupandikiza. Lakini kwanza unanakili kila kilichomo. Hapo Mzee Rajabu alitikisa kichwa kwa furaha. "Kumbe nao wanachora," alisema.

Wakati huo Mwalimu Veronika alikuwa amehamishiwa shule ya watoto wa watumishi kule ukingoni. Jirani yake alikuwa mzungu mtafiti wa fisi, ambaye Mwalimu alimfundisha Kiswahili kwa subira ya ajabu. Mtafiti alipoondoka alichukua printa, akamwachia kompyuta. Hivyo katika nyumba ya mabati ya mwalimu, kati ya jiko la mkaa na picha ya Bikira Maria, kulikuwa na kompyuta ya nyumbani. Sikujua nyingine mlima ule wote.

Miaka kadhaa baadaye aliniita Jumamosi moja, kwa kuwa Jumamosi jenereta la watumishi liliwashwa hata mchana, si jioni tu, kuchaji betri za redio.

"Karibu, Tluway. Funga mlango haraka, ukungu usije ukakaa kabla yako."

Akaiwasha. Ikahema, ikapiga mlio, herufi za kijani zikajaa kiooni. Akabonyeza hapa na pale, kikatokea kichwa cha habari: Somo la Kwanza. Chini yake kulikuwa na bibi anayeuza ngwara mnadani. Somo la pili, namna ya kumkinga ndama na baridi. La tatu, barua ya mama kwa mwanawe aliye Loliondo. Kitabu kizima cha watu wazima, kwa maneno ya watu wetu, jioni hadi jioni kwa miaka kadhaa.

"Juma wa pamba amestaafu," alisema.

Kisha akanionyesha somo la kijana aliyekata ulimi wa kiatu chake ili karabai iwake. Nilisoma huku nimeshika kiti. Kijana wa kwenye somo alikuwa mfupi kuliko mimi, na mwenye akili zaidi. Nilifika pale anapotoka darasani anachechemea, mwalimu anamwita, anageuka. Jenereta likazimwa. Kioo kikawa cheusi.

"Utamalizia siku nyingine," alisema Mwalimu. "Hakimbii."

Shida yake ilikuwa hii. Ofisi moja ya vitabu Dar es Salaam ilikuwa imekubali kukichapa, karatasi zilikuwa zimepatikana, jambo la nadra miaka ile. Lakini walitaka kazi kwenye diski ndogo za ganda gumu, na kabla ya mwezi kwisha, la sivyo karatasi zitapewa kitabu kingine. Mashine ya Mwalimu ilisoma diski kubwa laini tu, na diski kubwa alizokuwa nazo zilikuwa zimeota kuvu kwa ukungu. Moja alijaribu kuikausha jikoni, ikajikunja kama chapati. Kwa hiyo kitabu kilikuwa mahali pamoja tu, kwenye diski ya ndani ya mashine ile. Madaftari ya mwanzo yalikuwa yamekwenda na panya wa nyumba ya zamani. Kilichotakiwa ni mlango mpya wa diski ndogo, na mfumo mpya utakaoujua mlango huo.

"Utaweza?" aliniuliza.

"Mwalimu, nikimaliza mimi, hii mashine itazijua diski ndogo mpaka na ukoo wao."

Akacheka. Alikuwa na namna ya kucheka akiinamisha kichwa, kana kwamba amesahihisha daftari akakuta limeandikwa vizuri.

Alimwandikia shemeji yake wa Arusha atafute vifaa. Siku zikapita. Mwezi ukaanza kuishia. Ndipo asubuhi moja nikafika karakana nikakuta boksi mezani kwa Mzee Rajabu, limefungwa kamba ya katani, juu yake jina langu.

"Limeletwa na lori," alisema mzee. "Utingo kalitupa kama mkungu wa ndizi akaondoka."

Ndani kulikuwa na mlango wa diski, diski za mfumo mpya, na diski tupu kadhaa, safi, za ganda gumu. Nilizijaribu kwenye kompyuta ya kujifunzia tuliyokuwa nayo karakana. Zilifunguka kama ua. Nikamsifu shemeji wa Arusha mbele ya watu, nikasema Arusha ni Arusha.

Hapo ndipo sumaku ilipoingia kichwani mwangu na kukaa. Diski, niliwaza, ni ndugu ya kanda. Ile rangi ya kahawia ni ile ile. Kama kreta iliwanyamazisha akina mama wa kwaya, diski hizi zitafika juu zikiwa bubu, mfumo mpya umefutika, na nyingine nitazipata wapi kabla ya mwezi kuisha? Nikalala nayo, nikaamka nayo. Nikapanda ukingoni mikono mitupu.

Mwalimu alinipokea mlangoni, macho yakitafuta mzigo.

"Ziko wapi?"

"Ziko Karatu, Mwalimu. Ni za dhahabu. Nimezilaza ndani ya sufuria na mfuniko."

"Kwa nini hukuja nazo?"

"Sumaku."

"Sumaku gani, Tluway?"

Nikamweleza. Mlima uliojimeza, saa zinazobabaika, kengele za ng'ombe, kanda za Boay. Bizimu yangu pia niliitaja. Alinisikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi aliyekosea njia ya hesabu lakini ana bidii.

"Sasa hebu nisaidie," alisema. "Diski iliyomo ndani ya mashine hii, nayo si ya namna hiyo hiyo?"

"Ni ya namna hiyo."

"Imekaa hapa miaka mingapi? Mbona haijafutika?"

Nikajibu papo hapo, na laiti ningekwama. "Hiyo imevaa chuma, Mwalimu. Chuma kinaikinga. Hizi ndogo zimevaa plastiki. Na zile zako kubwa laini, si zimekufa?"

"Zile zimeota kuvu."

"Kuvu imekuja kuzika tu. Aliyeua ni sumaku."

Jiko lilikuwa na birika ya chai ikichemka. Akaitua, akamimina vikombe viwili, akanisukumia kimoja polepole, kama mtu anayehamia upande wangu wa hoja.

"Basi unashauri nini?"

"Tuishushe mashine Karatu. Kule hakuna sumaku. Niiamshe kwa diski ya mfumo mpya, ninakili kitabu chote kwenye diski ndogo kwanza, ndipo nipandikize mfumo ndani. Jioni ile ile unaipeleka diski kwenye basi la Dar."

Alikitazama kile chombo kwenye meza yake. Kisha alisema neno ambalo nimelibeba kuliko spana yoyote. "Mimi nimekufundisha kusoma. Haya ya mashine, wewe ndiye fundi."

Angenibishia. Mbona aliweza kumbishia mkaguzi wa elimu! Lakini nadhani alifurahi kwamba kijana wa karabai sasa anamfundisha yeye, naye hakutaka kuivunja furaha hiyo.

Msije mkadhani niliichukua mashine ovyo. Ndani ya diski ile kuna mkono mwembamba unaosoma, kama sindano ya santuri, unaoelea juu ya sahani bila kuigusa. Kabla ya kuhamisha mashine lazima uulaze mkono huo pembeni, na kuna agizo la kuandika. Niliandika. Nilisubiri mpaka ilipojibu. Nikaizima, nikaifunga kwa blanketi mbili za Mwalimu, nikaizungushia godoro, nikaifunga kamba. Bibi harusi hajawahi kufungwa vizuri hivyo.

Boay alikuja na lori. Alikuwa ameshusha unga, anarudi Karatu mtupu. Na hapo, vijana, ndipo kwenye somo la gari ambalo hakuna darasa la jioni lililonifundisha: lori lililobeba linatembea, lori tupu linacheza. Mwalimu alikaa mbele na Boay, spika katikati yao. Mimi nilipanda nyuma, nikaikumbatia kompyuta. Mvua za wiki ile zilikuwa zimeikwangua barabara mpaka mifupa, na chini ya geti la hifadhi njia ilikuwa imejikunja mawimbi mawimbi kama bati. Nilipiga paa la lori.

"Boay! Polepole!"

"Nikienda polepole tunakwama!" alijibu kwa dirishani. "Nikikwama hapa mnalala na nyati!"

Akaenda mbio. Lori likaruka, nami nikaruka, kompyuta ikaruka kifuani mwangu. Kuna mahali nadhani sote watatu tulikuwa angani kwa muda wa kutosha kusali. Nilipigwa na ukingo wa bodi hadi nikaona nyota mchana. Kompyuta haikugusa bati hata mara moja. Iliniangukia mimi kila mara. Nilifika Karatu nina majeraha na fahari.

Tukaifungua mashine pale karakana. Haikuwa na mkwaruzo. Mzee Rajabu akaleta kiti cha Mwalimu, akampangusia vumbi kwa kofia yake. Kabla ya kuufunga mlango mpya nilitaka nihakikishe imefika salama. Nikachomeka, nikawasha.

Ilitoka sauti ambayo siwezi kuisahau: kijiko kikikwangua ukoko kwenye sufuria. Kwa-kwa-kwa, kimya. Kwa-kwa-kwa, kimya. Mzee Rajabu, ambaye hakuwahi kusomea kompyuta, aliinamisha sikio, akasikiliza kama daktari. "Zima," alisema. "Zima, mwanangu." Akageukia ukutani, akasema maneno ya msibani.

Ule mkono niliokuwa nimeulaza uliamka njiani. Kwa mitikisiko ile usingeweza kulala. Ulikuwa umeichana sahani yake yenyewe.

Kioo kilionyesha mstari mmoja wa kijani.

"Inasema nini?" Mwalimu aliuliza.

"Inauliza diski iko wapi, Mwalimu."

"Iambie iko humo ndani."

Nikakaa. Boay, aliyekuwa mlangoni akisubiri soda yake, akatoka nje taratibu bila soda.

Nilifunga ule mlango mpya. Nikaweka diski ya kwanza ya mfumo mpya, nikawasha. Mashine ikaamka bila kukwaruza, haraka kuliko ilivyowahi kuamka, ikakaa ikisubiri amri. Kazi niliyoitiwa ilikuwa imekamilika. Kompyuta ilikuwa na mfumo mpya, ilizijua diski ndogo, na ndani yake hakukuwa na neno hata moja. Ilikuwa kama darasa lililopakwa chokaa, madawati mapya, hakuna watu.

Diski iliyochanika tuliipeleka Arusha, wakaituma Dar, ikarudi ikiwa imefungwa vilevile tulivyoifunga. Mwezi uliisha. Karatasi zikaenda kwenye kitabu kingine. Mwalimu hakunifokea, na laiti angenifokea. Alininunulia dawa ya kuchua kwa ajili ya mbavu zangu. Alirudi ukingoni na kompyuta yake, akaanza upya. Somo la ngwara lilirudi, la ndama likarudi nusu. Kisha akastaafu akaenda kwao Daa kulima, na umeme huko haukuwapo. Kompyuta aliifunika kitambaa cha meza, juu yake akaweka chungu cha maua.

Nilimtembelea Daa mara moja. Alikuwa anapepeta maharage.

"Mwalimu, lile somo la karabai liliishaje? Mimi niliishia pale anapogeuka."

Alisimamisha ungo. "Nimejaribu kulikumbuka. Nikikaa kuliandika linakuja lingine, si lile. Lile lilikuwa zuri, Tluway." Akaendelea kupepeta. "Bado mnasomea Juma wa pamba pale Karatu?"

"Bado."

"Anakula nini sasa?"

Tulicheka, na kicheko hicho kiliniuma kuliko mbavu.

Alizikwa Daa, wanafunzi wake wa jioni wakijaa njia nzima, wazee na fimbo zao. Sumaku sikuisema tena kwa watu, lakini sikuacha kuiamini. Nilijiambia nilifanya lililobidi, barabara ndiyo iliyonisaliti. Mtu huhitaji kitu cha kuegemea, mimi niliegemea sumaku.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaishia nilitumwa Samunge, milima ya Loliondo, kutengeneza redio ya zahanati. Kule alikuwapo daktari wa mifugo aitwaye Saning'o, mrefu, mwenye viatu vya matairi na cheti cha chuo kikuu, ambaye ndiye aliyekuwa akiitumia redio ile kuliko wagonjwa wote. Alinikuta nimekaa chini, soksi ya mchele pembeni.

"Sopa!" alinisalimu Kimasai.

"Ipa, daktari."

"Tluway wa Karatu? Fundi wa Mwalimu Veronika?" Aliketi juu ya kopo la dawa ya kuogeshea ng'ombe. "Siku nyingi nataka nikuulize. Zile diski zilifika salama?"

Nikaacha bisibisi. "Diski zipi?"

"Za ganda gumu. Na mlango wake, na mfumo. Mradi wetu ulipofungwa zilibaki. Shemeji yake mwalimu akaniita kwa redio kutoka Arusha, nikazifunga kwa kamba ya katani, nikaandika jina lako."

"Zile zilitoka Arusha."

"Zilitoka Loliondo, ofisini kwangu. Niliwapa watu wa lori la ng'ombe."

"Lori hilo lilipita wapi?"

Alinitazama kama anatafuta homa. "Lipite wapi, fundi? Olduvai, ukingoni, geti, Karatu. Tena walinieleza liliwaharibikia pale juu kabisa, wakalala hapo hapo juu ya kreta, wanatetemeka mpaka asubuhi. Nilihofia unyevu. Zilikuwa zimeharibika?"

"Zilikuwa safi," nikasema. "Zote."

"Basi vizuri."

Nje kengele za ng'ombe zilikuwa zinapita, kila ng'ombe ameelekeza shingo kwenye majani yake.

"Na kanda?" nilimuuliza. Nadhani nilimuuliza kwa sauti ya mtu anayeomba. "Kanda za Boay zilifutika. Niliziona kwa macho yangu. Sumaku ya kreta iliyafuta yale makwaya."

"Boay mwenye spika ile kubwa? Nimepanda lori lake. Kwenda niliweka kanda zangu pale anapoweka zake, zikafutika. Kurudi nikaziweka mfukoni, njia ile ile, kreta ile ile, mpaka leo zinaimba." Akainuka, akapangusa suruali. "Kreta haina sumaku, fundi. Iko kwenye spika."